Soda za Harusi ya Miono

Kwetu Bagamoyo mgeni haulizwi kama atakunywa kitu. Anaulizwa atakunywa soda gani. Hajaketi vizuri, salamu hazijafika hata kwa wajukuu, mtu keshatumwa dukani, na chupa inakuja juu ya sinia, inafunguliwa mbele ya macho yake ili aone kwamba haikuchezewa na mtu. Akikataa, basi ama anaidharau nyumba ama anaiogopa, na yote mawili yatasemwa akishatoka. Mimi nimewahi kukataa, maana mdomo wangu haujui kuzunguka, na nikaona mwenye nyumba anavyobadilika uso. Mama yangu hakuwahi kukataa maisha yake yote.

Na kazi ya mama ilikuwa kuingia nyumba za watu. Alikuwa kungwi. Msichana akivunja ungo, mama kaitwa. Bibi arusi akiwekwa ndani kufundwa, mama kaitwa. Ndoa ikitetereka, mke anakuja kulia uani kwetu, na kesho yake mama anavaa baibui lake anakwenda kuzungumza na wakwe. Hakwenda peke yake. Alikuwa na mwenzake, mwanamke wa mtaa wa pili, wameifanya kazi hiyo pamoja tangu wote wawili wana meno kamili. Mimi namwita somo, kwa sababu ndiye aliyenifunda. Mama hamfundi binti aliyemzaa mwenyewe, haya inasimama katikati, kwa hiyo zamu yangu ilipofika mama alinikabidhi kwa huyo mwenzake, akatoka nje. Mtu akishakuwa somo yako humwinulii sauti. Hata ukizeeka ukawa na wajukuu, ukimwona unapiga goti kidogo.

Sasa zifikirie hizo nyumba. Msimu wa harusi mama alikuwa anaingia nyumba asubuhi, mchana na alasiri, na kila nyumba ina sinia lake. Alipenda ile nyeusi, ya baridi mpaka chupa inatoka jasho. Akirudi nyumbani anakunywa nyingine, akisema zile za kule zilikuwa za kazi, hii ndiyo ya kwake. Sisi wanawe tulikuwa tunacheka. Soda kwetu ilikuwa furaha, ilikuwa Idi, ilikuwa heshima ya mtu. Nani alikaa akafikiri kwamba ikishapita kooni inakwenda kufanya jambo huko chini?

Ikaja kiu. Mama anakunywa maji mtungi mzima na bado ulimi mkavu, na kiu hiyo anaikata kwa kitu gani? Kwa soda. Mimi wakati huo nimeshaolewa, nakaa Mapinga, kwenye kiwanja tulichonunua na mume wangu pakiwa bado mashamba ya mihogo, kabla watu wa Dar hawajapavamia. Nilikuja kumtazama wikiendi moja, nikaingia chooni, nikakuta sisimizi wamejipanga msururu pale anapokojoa. Nikatoka nikamwambia, mama, vaa twende ukapimwe. Akasema ana joto tu. Nikamwambia joto haliiti sisimizi. Tulibishana mpaka majirani wakasikia, lakini alikwenda.

Nesi aliyempima alikuwa binti mdogo, mpole, ana sauti ya chini. Alimuuliza mama anakunywa soda ngapi kwa siku. Mama akaniangalia mimi, kisha akamjibu yule binti, "Inategemea nimeingia nyumba ngapi." Nesi hakucheka. Akatueleza kwamba soda moja ina sukari ambayo mtu akikutilia kwenye kikombe cha chai ungeimwaga, ila kwa sababu ni ya baridi na ina gesi, ulimi haulalamiki. Akasema inaingia kwenye damu haraka kwa kuwa hakuna cha kusagwa tumboni, na mwili wa mama umechoka kuisukuma. Akaandika vidonge. Akamwambia: soda basi.

Basi! Ni rahisi kusema ukiwa umekaa nyuma ya meza. Mama alikaa wiki moja bila soda kwa sababu wiki hiyo hakuitwa popote. Alipoitwa, akaingia, sinia likaja, akanywa. Nikamuuliza kwenye simu, akanijibu, "Ulitaka niseme nini? Watu wamejinyima wakanunua." Nikawaka. Asubuhi yake nikapanda gari, nikafika Bagamoyo, nikaanza kuzunguka nyumba moja hadi nyingine, kuanzia kwa somo yangu. Shikamoo, marahaba, nimekuja kuwaomba, mama yangu ana sukari, tafadhalini msimpe soda, mkimpa mnamuua. Hivyo hivyo, bila kuzungusha. Watu walinielewa. Walisikitika, wakaniahidi, wakanitafutia na miti shamba.

Mama alipojua alilia machozi. Sikuwahi kumwona akilia kwa hasira. "Umenivua nguo mtaani," aliniambia. "Nimeingia kwa watu leo nikaletewa maji ya kunywa kama fundi aliyekuja kuziba bomba. Wananiangalia kwa huruma. Mimi? Kungwi gani anaonewa huruma?" Nikajaribu kumweleza. Akanyoosha kidole. "Kuanzia leo, ugonjwa wangu usitoke mdomoni mwako. Kipande cha maisha kilichobaki ni changu. Niapie." Nikamwapia. Kwa jinsi alivyokuwa analia, ningeapa chochote.

Baada ya hapo akaacha kutoka. Harusi zinapita, somo anakwenda peke yake, mama amekaa barazani anasuka ukili. Ukimuuliza, anasema magoti. Nikaona sasa namponya mwili namuua roho. Ndipo nikaikuta, kwenye friji ya duka moja hapa Mapinga, chupa ya soda nyeusi isiyo na sukari. Nikampigia yule nesi. Akaniambia kwa mtu kama mama ni afadhali hiyo kuliko ile nyingine, maana haipandishi sukari palepale, ila maji ndiyo bora, na asiifanye mazoea, kwa sababu ulimi uliozoea utamu utautafuta kwingine, na hata wataalamu wenyewe bado wanabishana juu ya kile kitamu kinachotiwa humo. Halafu akasema neno ambalo nililirudia kwa mama kama lilivyo: siyo dawa.

Mama alisikia "afadhali" akaishia hapo. Alionja, akakunja uso, akasema ina ladha ya kutu. Ya pili hakukunja uso. Ndani ya mwezi alikuwa amerudi kazini, kwapani mkoba, ndani ya mkoba chupa zake, na nyumba zenye friji zikaanza kumwekea. "Soda ya kungwi" ikawa na mahali pake, na wenye nyumba walifurahi kuliko hata yeye, maana sasa wana cha kumfungulia. Mimi pia nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Alikuwa anacheka tena, anatania watu, anaimba.

Lakini jamani, mtu akipewa nafasi. Alianza kuinywa kuliko alivyokuwa anakunywa ile ya zamani. Na juu yake, kaimati. Juu yake, halua, vitumbua, wali wa nazi wa kurundika. Nikimgusia, ananionyesha chupa. "Hii hapa inafagia," anasema. "Si wenyewe wametengeneza kwa ajili ya watu wa sukari?" Nikamwambia haifagii, mama, haina sukari tu, basi, haiendi kukamata sukari ya halua. Akanibetulia mdomo. Na wenzake walimuamini yeye, siyo mimi; ukipita kwenye mikusanyiko ukasikia mwanamke anamwambia mwenzie, kunywa ile ya kungwi, itakukausha sukari. Nilikuwa nataka kupasuka.

Alipopimwa tena ilikuwa imepanda vibaya. Miguu ilimwaka usiku, macho yaliingia ukungu. Wakamwongezea vidonge. Yule nesi alitukalisha wote wawili na safari hii alisema kwa ukali. Vidonge hivi vina nguvu, akasema, ukivimeza ule. Ukimeza bila kula, sukari itashuka, na kushuka ni hatari ya haraka kuliko kupanda. Utatoka jasho, utatetemeka, utaona njaa ya ajabu, utaanza kusema ovyo. Hapo upewe kitu cha sukari upesi, chai ya sukari, asali, soda. Akamgeukia mama: "Siyo ile yako. Ile yako haitakusaidia kitu. Ile ya kawaida, uliyokatazwa."

Tulipotoka mama alinitazama kwa pembe ya jicho. "Mara ipande, mara ishuke. Kwani imekuwa bahari, kujaa na kupwa?" Nikacheka, ingawa roho ilikuwa nzito. Nikamwomba aniruhusu nimweleze somo, maana ndiye anayekuwa naye mchana kutwa. Uso wake ukafunga hapohapo. "Uliapa," akasema. Nikamwambia basi mwambie mwenyewe. Akasema atamwambia. Hakumwambia. Angeanzaje kumwambia mwenzake kwamba ile soda ambayo mtaa mzima umekatazwa kumpa, kuna siku itabidi apewe?

Ikaja harusi ya Miono, kwa ndugu wa upande wa babu, watu wa shamba, Wakwere wenye ukarimu wa kupindukia. Walimtaka mama na si mwingine. Akaenda na somo siku moja kabla. Asubuhi ya harusi alinipigia akiwa na furaha, nasikia ngoma nyuma yake, ananiambia hapa pamejaa watu, mwali mwenyewe mwoga kama kuku. Nikamuuliza, umekula? Akasema chai inachemka. Sikumuuliza zaidi ya hapo.

Yaliyofuata niliyakusanya baadaye, kwa wanawake waliokuwa chumbani. Mama alimeza vidonge vyake asubuhi, somo ndiye aliyempa maji. Chai ikaja, lakini bibi arusi alikuwa amegoma kutoka kitandani, analia kwamba hataki, na mama akaisukuma chai pembeni akaingia kumbembeleza. Kungwi hali mbele ya mwali anayelia. Hiyo ni desturi yetu: mwali akila, kungwi atakula, mwali akikataa, mnakaa wote na njaa mpaka moyo wake ulainike. Moyo wa yule binti ulilainika saa sita mchana. Mama alipotoka chumbani alikuwa amelowa jasho, na mikono inamtetemeka.

Walimkalisha kwenye jamvi, ukumbini. Ukutani nyuma yake, na huku kulia, na kule mlangoni, zilikuwa zimepangwa kreti za soda za harusi, zimeletwa na gari ndogo kutoka barabara kubwa, nyekundu, za machungwa, za tangawizi, nyeusi. Nimeambiwa zilifika hadi dirishani. Mama akaanza kusema maneno yasiyofuatana, akawa mkali, akamtukana mwanamke mmoja ambaye hajamkosea kitu. Mtu akasema ni pepo, ngoma zimempandisha. Somo akasema hapana, huyu ana sukari, sukari imempanda, si mnaona mlivyomzungushia soda? Basi watu wenye heshima zao wakafanya kilichowaelea. Wakaanza kubeba kreti, kuziondoa karibu naye. Wakapaza sauti, soda ya kungwi iko wapi? Chupa za mkobani zilikuwa zimeisha jana yake. Akatumwa bodaboda kwenda kuitafuta.

Madukani Miono haikuwepo. Nani anakunywa hiyo Miono? Bodaboda akapigiwa simu, akaambiwa aende mpaka barabara kubwa.

Hapo ndipo somo aliponipigia. Nilikuwa jikoni kwangu Mapinga, nachuja tui la mboga. "Mwanangu, usishtuke, mama yako sukari imempanda kidogo, tunamtafutia soda yake." Nikamuuliza, anatoka jasho? Anatoka. Anatetemeka? Anatetemeka. Amekula? "Atakula saa ngapi, mwali katusumbua." Vidonge kameza? "Kameza, mimi mwenyewe nimempa."

Bakuli la tui lilinitoka mkononi. "Somo, mpe soda. Ya sukari. Hiyo hiyo ya harusi. Sasa hivi, anaweza kumeza bado, mpe!"

"Unasemaje?"

"Imeshuka! Haikupanda, imeshuka, mpe sukari, chukua hata ya jikoni umtie mdomoni!"

"Mwanangu," akasema, pole pole, kama mtu anayesema na mgonjwa, "si wewe uliyekuja nyumbani kwangu, ukapiga goti, ukaniambia nikimpa namuua?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikampigia kelele somo yangu. Nilimwita mjinga. Nilimwambia we mwanamke huna akili, unamuua mama yangu huku unazungukwa na dawa. Nilisikia anawaambia wenzake, "Kachanganyikiwa, maskini, kasikia mama yake anaumwa kachanganyikiwa." Kisha akasema kwenye simu, "Tulia, umwombee." Akakata.

Nikapiga, haipokelewi. Nikapiga, haipatikani. Sikuwa na namba ya mtu mwingine kule. Nikatoka mbio na khanga za jikoni, jirani yetu mwenye gari alikuwa anatoka kwenda mjini, nikasimama mbele ya gari lake. Sikumbuki njia. Nakumbuka nilikuwa naongea peke yangu, nampangia somo kila neno nitakalomwambia, na katikati ya matusi naingiza dua. Tulipofika Msata yule jirani akaniuliza kama tunakunja hapa.

Tulipofika nyumba ya harusi ilikuwa tupu, ngoma zimelazwa ubavu. Walikuwa wamempeleka kituo cha afya. Bodaboda alirudi na ile soda, wakamnywesha alichoweza, wakangoja imfagie, na badala ya kuamka akalala zaidi, akaanza kukoroma. Ndipo walipombeba. Tabibu wa pale alimchoma kidole, akatazama, akawauliza, huyu mmempa nini? Wakamjibu kwa fahari, soda isiyo na sukari. Nimeambiwa aliinamisha kichwa. Alimtundikia dripu ya sukari palepale, lakini muda ulikuwa umepita. Ubongo ulikuwa umekaa na njaa mchana kutwa.

Hakuamka. Tulimhamishia hospitali kubwa, akakaa siku chache anapumua tu, macho nusu wazi, hamtazami mtu. Nilimpaka mafuta miguuni, ile miguu iliyokuwa inamwaka. Alifariki asubuhi, kabla ya kazi za usafi kuanza wodini.

Kwenye matanga watu walisema kafa kwa sukari. Wote. Nilikaa mkekani nasikiliza, na meno nimeyauma. Somo alikuwepo, lakini hakuja kukaa nasi wafiwa; alikuwa nyuma, jikoni, kwenye moshi, anasonga na kupakua kuanzia alfajiri. Sikumfuata. Nilijua nikimfuata nitasema, na nikisema sitanyamaza.

Baada ya arobaini alikuja Mapinga. Hajawahi kuja kwangu peke yake. Nilikuwa bandani naokota mayai, nikamwona anaingia getini, kapungua, baibui linamvaa yeye. Goti likapinda lenyewe. "Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu."

Nikampa kiti kivulini, nikamletea maji. Akayanywa yote, akaniomba mengine. Nilipomtazama anavyoyanywa, nikajua kabla hajasema.

"Nimepimwa," akasema. "Na mimi ninayo. Nimepewa vidonge." Akakishika kile kikombe kitupu kwa mikono miwili. "Nesi akanieleza habari ya kupanda. Halafu akanieleza habari ya kushuka. Jasho, kutetemeka, kusema ovyo. Akaniambia ikinikuta hivyo nipewe soda ya sukari. Nikamwambia arudie. Akarudia."

Kuku walikuwa wanagombana bandani.

"Nimekuja kwako kwa sababu wewe huna maneno ya kubembeleza," akasema. "Wengine wote nikiwauliza wananiambia siku yake ilifika. Siku ile Miono. Ningempa ile soda, angepona?"

Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo kwa siku arobaini. Maneno nilikuwa nayo, nilishayapanga ndani ya gari la jirani. Sasa yako hapa, na huyu aliye mbele yangu ni kizee mwenye midomo mikavu, aliyenifunga khanga ya kwanza ya kike kiunoni. Nikataka kumwambia na mimi kwamba siku ilifika. Lisingekuwa hata uongo, kila mtu ana siku yake. Lakini nikamwona keshokutwa kwenye nyumba ya watu, amemeza vidonge hajala, jasho linamtoka, na wanawake wanaondoa kreti kwa mapenzi yao yote, naye mwenyewe anaamini kwamba soda ile isingemsaidia mama. Nikimpa pole ya uongo nitamzika na yeye.

"Angepona, somo," nikasema. "Siku ile angepona."

Hakulia. Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama ninavyoitikia mimi fundi akiniambia bei.

"Uliniambia kwenye simu."

"Nilikuambia."

"Nikakukatia."

"Na mimi nilikutukana," nikasema. "Nisamehe."

Akapunga mkono, kama anafukuza nzi. Hilo silo lililomleta. Akaweka kikombe chini, akasema bila kunitazama, "Kuna kitu wale hawakukwambia, kwa sababu hawakuona. Walikuwa wanabeba kreti, wametupa mgongo. Mama yako aliifikia chupa moja. Iliyokuwa imefunguliwa ya mtu mwingine. Alishaishika, anaipeleka mdomoni."

"Nani, mama?"

"Yeye. Mwili wake ulijua." Akainua mkono wake wa kulia, akautazama. "Nikamfungua vidole. Kimoja kimoja, maana aliishika kwa nguvu. Nikamwambia, siyo hiyo dada, subiri, yako inakuja. Akaniangalia. Wengine wote alikuwa anawatukana, mimi akaniangalia tu. Halafu akaiachia, kwa sababu aliyemwambia ni mimi."